Mkurugenzi akitoka chumbani: Tesla, SolarCity na lalamiko la mwanahisa

Wanahisa wakiikasirikia bodi, huanza na undugu. Huyu ni kaka wa yule, na yule aliwahi kuwa mhasibu wa huyu. Mara nyingi wanayosema ni kweli, na mara nyingi hayawafikishi popote. Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilipoinunua SolarCity, kampuni ya umeme wa jua, mwaka 2016, undugu ulikuwa mezani tangu mwanzo, na bado walioshtaki walishindwa.

Elon Musk alikuwa mwenyekiti wa kampuni zote mbili, na kila upande alishika takriban asilimia 22 ya hisa. SolarCity ilianzishwa na binamu zake, Lyndon na Peter Rive. Mdogo wa Musk, Kimbal, alikuwa kwenye bodi ya Tesla. Antonio Gracias alikaa kwenye bodi zote mbili. Brad Buss, mkurugenzi wa Tesla, aliwahi kuwa mkuu wa fedha wa SolarCity. SpaceX, kampuni nyingine ya Musk, ilikuwa imenunua hati fungani za SolarCity, wakati SolarCity yenyewe ikipungukiwa fedha taslimu. Katika wakurugenzi 7 wa Tesla, Robyn Denholm ndiye pekee ambaye uhuru wake haukuwa na ubishi.

Juni 2016 Tesla ilitangaza kwamba ingetoa kati ya hisa 0.122 na 0.131 zake kwa kila hisa moja ya SolarCity. Evercore, washauri wa fedha wa bodi, walipofungua vitabu wakakuta hali ya fedha ni mbaya kuliko ilivyodhaniwa. Ofa ikashushwa hadi 0.110, jumla yake kama dola bilioni 2.6. Tarehe 17 Novemba wanahisa wakapiga kura, na zaidi ya asilimia 85 ya kura za wanahisa wasio na maslahi kwenye dili zikaunga mkono.

Musk hakupiga kura kwenye bodi, na baadhi ya vikao alitoka. Watetezi wake hushika hapo. Lakini kutoka chumbani wakati wa kura ni jambo dogo. Aliyeleta wazo la kununua ni yeye, tena zaidi ya mara moja, na aliendelea kuzungumza na washauri pamoja na wakuu wa SolarCity mpango ukiendelea. Bodi haikuunda kamati maalumu ya wakurugenzi huru, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kamati ya namna hiyo huundwa kabla ya bei ya kwanza kutajwa. Huwa na wanasheria wake, mshauri wake wa fedha, na mamlaka ya kusema hapana bila kuomba ruhusa. Ikiundwa bei ikishatajwa, inabaki kugonga muhuri.

Wanahisa waliwashtaki wakurugenzi katika mahakama ya Delaware, jimbo la Marekani. Wakurugenzi wengine walimaliza kesi mwaka 2020 kwa dola milioni 60, zilizolipwa na bima. Musk akabaki peke yake. Aprili 2022 Jaji Joseph Slights alikubali kwamba Musk alijiingiza kwenye mchakato kuliko inavyomfaa mtu mwenye mgongano wa maslahi, kisha akampa ushindi, kwa sababu bei ilikuwa ya haki. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Delaware ikauthibitisha uamuzi huo.

Kipimo alichotumia Jaji Slights kina pande mbili zinazopimwa pamoja: mchakato na bei. Walioshtaki walikuwa na hoja nzuri juu ya mchakato. Kwenye bei walidai SolarCity ilikuwa karibu kufilisika, wakashindwa kuthibitisha, huku kazi ya Evercore na bei ya soko vikisimama dhidi yao. Kwa hiyo anayelalamikia bodi aje na hesabu. Mali hiyo ina thamani gani bila mnunuzi huyu? Nani mwingine aliulizwa? Mshauri analipwa nini dili likipita, na analipwa nini likikwama?

Kwa kampuni za Nairobi na Dar es Salaam, ambazo hesabu zake hufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, kazi huanzia kwenye maelezo ya nyuma ya hesabu, sehemu ya miamala na wahusika wenye uhusiano, kama wakurugenzi, jamaa zao na kampuni zao. Kiwango namba 24 (IAS 24) kinadai aina ya uhusiano, kiasi cha miamala, salio lililobaki, masharti yake na madeni yenye shaka. Linganisha salio la miaka mitatu: deni la kampuni ya mkurugenzi likikua kila mwaka bila riba, huo ni mkopo uliovaa nguo za biashara. Ukikuta sentensi kwamba miamala ilifanyika kwa bei ya soko, kumbuka kiwango hicho kinaruhusu kuiandika pale tu inapoweza kuthibitishwa. Omba uthibitisho.

Kuna pengo moja ambalo wengi hawalioni. Miongoni mwa jamaa wa karibu kiwango kinawataja kwa jina mwenzi wa ndoa, watoto na wategemezi. Wengine huingia iwapo tu wanatarajiwa kushawishi au kushawishiwa. Kanuni za Marekani zinaongeza wazazi, ndugu na mashemeji, lakini binamu hayumo. Kina Rive, kwa undugu peke yake, wangepita katikati ya nyavu zote mbili. Huku kwetu, ambako binamu huitwa ndugu bila kusita, swali liulizwe kwa maneno mapana: je, kuna jamaa yeyote wa mkurugenzi, kwa damu au kwa ndoa, anayeiuzia kampuni chochote?

Liandike kwa katibu wa kampuni kabla ya mkutano mkuu, utaje namba ya ukurasa na kiasi. Likiulizwa papo hapo hujibiwa kwa “tutalifuatilia”. Fomu ya uwakilishi, ya kumteua atakayekupigia kura, usiiache wazi, kwa kuwa kura yako kwa kawaida itaangukia kwa mwenyekiti, yaani huyohuyo unayemlalamikia. Kenya na Tanzania, sheria za kampuni zinaruhusu mkurugenzi aondolewe kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura, na Tanzania wenye sehemu ya kumi ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura wanaweza kudai mkutano usio wa kawaida. Mwenye hisa 500 hafiki huko peke yake. Mfuko wa pensheni unaoshika asilimia 8 uko karibu sana kufika, kwa hiyo nakala ya barua iende na kwao.