Kutunza Viti vya Ngozi vya Gari Katika Joto la Mombasa

Ngozi ya kiti cha gari hapa Mombasa hupambana na jua kali, unyevu wa bahari na jasho letu kwa pamoja. Jasho ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa kuwa chumvi na mafuta ya mwili hujikusanya kwenye usukani na ukingo wa kiti cha dereva, yakanasa vumbi, na ule mng'ao ambao wengi huudhania kuwa ni uzuri wa ngozi, mara nyingi ni uchafu mtupu.

Ngozi nyingi za magari ya siku hizi zimepakwa rangi na utando mwembamba unaofanana na plastiki, hivyo mafuta ya nazi, ambayo wengi wetu huyakimbilia, hubaki juu na kushika mchanga. Mimi hufyonza kwanza mchanga ulioingia kwenye mishono, kisha hutia dawa ya kusafishia ngozi kwenye brashi laini, si kitini moja kwa moja, nikasugua polepole sehemu ndogo ndogo na kulifuta povu la kijivu kwa kitambaa chenye unyevu kabla halijakauka. Jiki na sabuni ya vyombo sizitumii kamwe. Kiti kikishakauka, hupaka losheni ya kukikinga na jua, kidogo tu.

Dashibodi haihitaji kung'arishwa, kwani mng'ao wake huakisi kwenye kioo cha mbele. Usukani na pedali zikipakwa kitu kinachoteleza ni hatari kabisa. Wakati wa mvua za Mei, gari lililofungwa siku nyingi huota kuvu, basi lifungulie milango kila jua linapochomoza.