Saa Kwenye Soksi

Leo saa imehesabu hatua 1,946. Naivaa kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, juu ya soksi, na wajukuu wanasema babu amevaa njuga.

Kijana wangu aliniletea saa hii mwezi wa pili baada ya kiharusi. Kilinipiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu uliolegea ni wa kulia. Akanivisha kwenye mkono wa kushoto, ulio na nguvu. Siku hiyo nilizunguka ua wetu hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, mara 6, jasho likinitiririka, Mama watoto akinifuata nyuma na kiti cha plastiki nisije nikaanguka. Jioni saa ikasema: hatua 41. Arobaini na moja! Nusura niitupe kwenye shimo la takataka.

Binti anayeninyoosha viungo ndiye aliyenifumbua macho. Kumbe ndani ya saa mna kidude kinachohisi mtikisiko, nacho hungoja mkono upunge. Mkono wangu ndio ulioshika fimbo, utapunga saa ngapi? Halafu natembea polepole mno, saa inadhani nimekaa. "Mwalimu, hebu ishushe mguuni," akasema, "huo wa kushoto, kwa sababu unainuka vizuri." Kesho yake, ua uleule, mizunguko ileile: 388.

Habari za kwamba mtu atembee hatua 10,000 kila siku sitaki kuzisikia. Hesabu hiyo ilianzia Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipouza kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa. Mimi binti alinipa hesabu nyingine: tuchukue wastani wa wiki yangu, tuongeze mia moja au mbili, na nikiamka hoi siku inayofuata, tupunguze. Uchovu huu si kama wa kulima. Unakuja ghafla, kama stima kupotea ukiwa katikati ya sentensi.

Nina dhambi ya kuungama. Juzi mvua ilifunika mlima Menengai tangu asubuhi, sikutoka. Nikakaa mbele ya runinga nikitikisa mguu wa kushoto chini ya meza mpaka saa ikatetemeka kunipongeza. Mama watoto aliniona. Hakusema neno, alicheka kwa pua tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Leo nimepeleka viatu kwa fundi wa pale kona, vile nilivyonunua nilipotoka hospitali. Akavigeuza, akaviweka sambamba, soli juu. Cha kushoto kimeliwa kisigino, kama viatu vya watu wote. Cha kulia kisigino chake bado kina mistari ya dukani, lakini ncha imelika hadi uzi umechomoza.

"Mwalimu, huu mguu unauburuta," akasema, kidole kikipita kwenye ule uzi.

Miezi minne nimekuwa nikisoma nambari za mguu wa kushoto. Huu wa kulia, saa haijawahi kuuona.

Nikamuuliza kama atatia kiraka. Akasema atatia cha tairi, ila nimrudishie kiatu baada ya mwezi aone ncha imelika kiasi gani. Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, chini ya ile ya kliniki ya presha.