Kumbukumbu ya mradi wa ghala: kukodi tela la trekta kwa tripu 32

Hesabu kabla ya kutafuta tela

Ghala la mpunga, nje kidogo ya Ifakara, linahitaji matofali 2,400 ya saruji ya inchi 6, mchanga mita za ujazo 24, kokoto mita za ujazo 12 na saruji mifuko 180. Umbali wa kubeba ni kilomita 9 za barabara ya vumbi, na katikati kuna mteremko mmoja mkali.

Tofali moja kwenye mizani ni kilo 30. Mchanga wa mtoni ukiwa mbichi una kama tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo. Ukikauka hushuka hadi karibu 1.6. Kokoto ni tani 1.5. Mzigo wa tani 4.5 kwa tripu unatoa tripu 16 za matofali (150 kila moja), 10 za mchanga, 4 za kokoto na 2 za saruji. Jumla 32.

Kwa nini 4.5, wakati ubavuni mwa tela wamechora "TANI 5"? Jibu liko kwenye tairi. Tairi za 7.50-16 zilizofungwa zina alama 122, yaani kila moja hubeba hadi kilo 1,500. Nne ni kilo 6,000. Tela tupu lina kama tani 1.4. Ukijaza tani 5 unapata 6.4, na tofauti yote inategemea kile ambacho mkono wa tela (chuma cha mbele kinachofungwa kwenye trekta) unakiegemeza kwenye trekta. Kwenye mashimo, hapo ndipo tairi hupasuka. Kwa 4.5 jumla ni 5.9, na bado kuna nafasi ya kupumua.

Siku ya kukagua: matela matatu

La kwanza: tairi mbili, ekseli moja. Zuri kwenye tope, kwa sababu sehemu ya mzigo hukandamiza magurudumu ya nyuma ya trekta. Lakini lina tairi mbili tu za ukubwa uleule, na halifiki tani 3 za halali. Limeachwa.

La pili: tairi nne, ekseli ya mbele inageuka pamoja na mkono. Halielemei trekta hata kidogo, ila kurudi nyuma nalo kwenye kiwanja chembamba ni kazi ya dereva mzoefu sana. Limeachwa pia.

La tatu: ekseli mbili zilizokaribiana, na bodi ya kumwaga kwa haidroliki. Hili ndilo limekodiwa. Udhaifu wake ni kona kali: tairi huburuzwa kwa ubavu na springi hujipinda, kwa hiyo kona zote zikatwe kwa upana.

Ukaguzi wenyewe haukuzidi saa moja. Piga jeki kila gurudumu, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani yenye nyufa ikataliwe hata kama kashata zake bado ndefu. Kisha angalia kipete cha mkono wa tela, yaani pete ya chuma inayopitishiwa pini. Kikiwa kimelika upande mmoja, pini itagonga kila ukifunga breki.

Mkataba uandikwe. Ulioandikwa hapa unataja namba ya usajili, bima, tairi ya akiba, jeki, nani analipa pancha na nani analipa springi ikikatika. Kukodi kwa siku kuna faida kuliko kwa tripu pale upakiaji unapokuwa wa haraka. Vibarua wakiwa wachache, lipa kwa tripu.

Kufunga kwenye trekta

Trekta ni ya nguvu farasi 75. Tela limefungwa kwenye chuma cha chini cha kuvutia, chini ya ekseli ya nyuma. Kulifunga juu, kwenye mikono ya kunyanyulia jembe, ni hatari kubwa: trekta likivuta kwa nguvu mlimani, pua huinuka na linaweza kumlalia dereva. Uzito wa mbele umeongezwa, na pedali mbili za breki zimeunganishwa kwa kishikizo chake. Zikiachwa mbalimbali, ukikanyaga moja barabarani trekta huzunguka ghafla.

Tela halina breki, kwa hiyo gia ndogo huwekwa juu ya mteremko, kabla ya kuanza kushuka. Nyutro ni marufuku.

Matofali, tripu 1–16

Matofali hupakiwa kuanzia mbele na kushushwa kuanzia nyuma. Ukiyashusha ya mbele kwanza, mkia huzidi uzito, mkono wa tela huinuka na kunyanyua magurudumu ya nyuma ya trekta. Tripu moja huchukua saa 2 na dakika 15: kupakia 40, njiani 65, kushusha 30. Tripu nne kwa siku.

Tripu ya 7, kwenye kituo cha kilomita 5, habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma kulia iliunguza mkono. Grisi ilikuwa imekauka. Gurudumu lilitolewa, beringi zikaoshwa kwa dizeli na kukaushwa, grisi mpya ikashindiliwa hadi ndani ya kila rola. Nati hukazwa huku habu ikizungushwa mpaka iwe nzito, kisha hurudishwa kidogo hadi tundu la pini linalofuata. Pini huwa mpya. Ukikaza bila kurudisha, moto utarudi ndani ya kilomita chache.

Mchanga, tripu 17–26

Bodi ina mita 3.5 kwa 1.8, kina nusu mita. Ikijaa mchanga mbichi ni tani 5.7! Mstari wa rangi umechorwa ndani kwenye sentimita 40, na vibarua wanaishia hapo.

Kumwaga ni kwenye ardhi tambarare iliyoshikamana tu. Mchanga mbichi hung'ang'ania kona moja wakati bodi iko juu, na tela likiinama kidogo hupinduka kwa ubavu. Ukigoma kushuka, teremsha bodi, ukwangue kwa koleo, ndipo unyanyue tena. Mtu asiingie chini ya bodi bila gogo la kuizuia.

Zimebaki kokoto tripu 4 na saruji tripu 2. Saruji itasubiri turubai.