Mtanzania, utepe na chips za 50

Haya wale mliokuwa mnaniuliza nimepotelea wapi, niko Mombasa. Chumba nimepata huku Likoni, laini ya Safaricom ninayo, na joto lenu hili wallahi limenipokea vizuri kuliko mwenye nyumba. Safari yenyewe haina mengi, basi kutoka Tanga, mihuri ya Horohoro na Lungalunga, alafu feri, abiria tukashushwa tukaingia kwa miguu kila mtu na begi lake kichwani, basi likafuata. Vibali vya utafiti vilishatoka kabla sijapanda basi kwahiyo hapo sikuteseka.

Kazi ni mradi wa lishe ya watoto, wale wa miezi 6 mpaka 23, yaani umri ule mtoto ananyonya na huku ashaanza kupewa uji na mengine. Mie nimesomea lishe Morogoro pale Sokoine, vipimo navijua, ila kuja kuvifanya mlangoni kwa watu nchi ya watu ni shughuli nyingine. Kwa tafiti za 2022 watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Kenya ni asilimia 18, sisi kwetu 30, lakini hiyo 18 isikudanganye ni ya nchi nzima. Vuka Nyali, pita Mtwapa, ukifika Kilifi hapo jirani ni 37, kaunti inayoongoza Kenya nzima.

Kupima sasa. Utepe wa mkono, ule wa kuona mtoto amekonda kiasi gani, hauna taabu, unatafuta katikati ya bega na kiwiko mkono wa kushoto, mkono umelegea, unauzungushia hapo, unasoma rangi. Chini ya sentimita 11.5 nyekundu, huyo haisubiriwi kesho anaandikiwa barua aende hospitali, toka hapo mpaka chini ya 12.5 njano, juu yake kijani. Mtoto analia dakika moja akipewa ziwa kasahau. Shida iko kwenye ubao wa urefu. Na ubao ndo wenye maneno kwasababu mtoto aliyedumaa humjui kwa macho, mashavu anayo, anacheza, anakukimbiza na ndala mkononi, mpaka umlaze upime ulinganishe na umri wake ndo unaona amebaki nyuma.

Kuna nyumba moja nyanya alituona tunaushusha ule ubao kwenye tuktuk akasimama mlangoni palepale. "Mjukuu wangu hamumlazi hapo, ubao hulazwa maiti." Mama wa mtoto kashasaini fomu ya ridhaa, kaelezwa kila kitu, lakini mama mkwe ndo huyo kasimama, nani atapita? Mimi na digrii yangu nimenyamaza. Dada mhudumu wa afya wa jamii ninayetembea naye, mzaliwa wa hapohapo, hakubishana hata kidogo. Akamwamkia shikamoo upya, akavua leso yake ya juu akaitandika pale ubaoni vizuri kama anatandikia mgeni, akasema "Nyanya njoo umshike wewe kichwa, sie twashika miguu." Nyanya akaja akashika kichwa, na alishika kuliko wale tuliowafundisha siku ya semina! Leso nyembamba haina neno maadamu kichwa kimegusa kibao cha juu na nyayo zimegusa cha chini. Na ukisoma kilo useme mashallah kwanza, usimtajie mtu uzito wa mwanawe hivihivi kama unauza nyama. Hiyo haiko kwenye mwongozo wowote.

Ila mie kilichonikamata hasa ni dodoso la chakula. Unauliza jana tangu mtoto alipoamka mpaka akaamka leo kala nini, kimoja kimoja. Tunahesabu makundi nane: maziwa ya mama, nafaka na mizizi, kunde na karanga, maziwa na mtindi, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A, alafu matunda na mboga zingine. Mtoto anatakiwa apate angalau matano kwa siku. Sasa chukua mtoto wa Likoni, asubuhi mahamri na chai ya rangi, saa nne biskuti, mchana chips, usiku wali. Mama yake anakwambia mwanangu ala vizuri hachagui, na ni kweli kala siku kutwa, ila yote hayo ni kundi moja! Ongeza ziwa, mawili. Siku hiyo mahamri yakija na mbaazi za nazi ni matatu (nazi yenyewe haina kundi, msinipige). Mchicha na embe akila vyote bado ni kundi moja la vitamini A. Na samaki kidogo tu aliyetiwa kwenye mchuzi kwa ladha hahesabiwi.

Na nani anajua kala nini? Dodoso limeandikwa kana kwamba mama yuko nyumbani anapika. Mama wa huku anavuka feri alfajiri anaenda kufua Nyali au kuuza Kongowea, anarudi giza limeingia, atamenya viazi saa ngapi na mkaa bei ile. Nilikaa na mmoja kwenye mkeka, akanijibu asubuhi kala mahamri mchana kala wali. Bibi yake pembeni, "wali hakuutaka, nilimpa chai akalala." Kisha binti wa nyumba, mtoto wa shule tu yuko na yunifomu yake, kasimama mlangoni anachezea pazia, "alikula chips zangu, na embe kwa kina Mwanaisha, na yai nusu, mama usinipige." Yai! Kundi zima lilikuwa linapotea hivihivi na embe juu yake. Toka siku hiyo mimi swali la kwanza nauliza jana mchana alikuwa na nani, na huyo aliyekuwa naye aitwe akae hapa, awe bibi awe jirani awe dada. Msimamizi wangu aliguna kidogo, kwamba dodoso likishapitishwa halichezewi, lakini kuita shahidi si kubadilisha swali, na sasa timu nzima inafanya hivyo.

Kingine ni kipimo. Nimekuja na vikombe na vijiko vyangu vya kuonyeshea, mama aseme alikula bakuli kiasi gani. Sawa kwa uji, sawa kwa wali. Lakini vyakula vya mtoto wa hapa nusu vinatoka nje ya nyumba na watu wanavitaja kwa bei, chips za 50, viazi karai vya 20, mbaazi za 30, ukimwonyesha mtu kijiko anakushangaa. Kwahiyo tumekubaliana tununue wenyewe kwa wauzaji tofauti tofauti tupime gramu, tupate wastani wa chips za 50 ni nyingi kiasi gani. Jana jioni ndo tulianza, mimi na mizani ndogo ya jikoni nimeinama juu ya meza ya yule mama wa viazi karai karibu na stendi, nikapima vya kwake, nikarudi nikanunua vingine nikapima tena. Wateja wamejaa. Akaniangalia, akaangalia mizani, akauliza kama mie ni mtu wa kaunti. Nikamwambia hapana mama, mie Mtanzania, nafanya utafiti wa watoto. Akasema "Mtanzania wapima viazi vyangu wafanyani?" kisha akaniongezea viwili bure. Sasa hivyo viwili nimevila, sikuviandika.