Simba niliyemkuta si Simba niliyemwacha

Kama uko ughaibuni na nyumbani mliacha mbwa, soma hii kabla hujakata tiketi. Mimi nimerudi juzijuzi. Mengine yaliyobadilika nimeyameza: nyumba imepakwa rangi nyingine, mdogo wangu ana sauti nzito kuliko yangu, chumba changu kimegeuzwa stoo. Hayo niliyatarajia. Lililonikaa kooni ni mbwa.

Waliokulia kwenye nyumba yenye mbwa wanayajua maisha yale. Unatoka shule, yeye ameshazitambua hatua zako kabla hujafika getini. Umechapwa, unakwenda kulilia kwake kwa sababu haulizi kisa. Ukiumwa, analala mlangoni hadi upone. Simba alikuwa wa namna hiyo. Rangi ya kahawia, sikio la kushoto limekatika ncha kwa ugomvi wa ujanani, na wote pale nyumbani walijua ni wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kukaa, kusubiri na kutoiba viatu. Hilo la tatu hakulishika hadi naondoka.

Huko nilikokuwa, kila nikipiga simu salamu za mwisho zilikuwa zake. "Simba hajambo?" Hajambo kabisa, huyu hapa, anakusikia! Naambiwa masikio yamesimama. Naambiwa jana kaenda kulala mlangoni pako. Siku moja kwenye simu ya video nikamwona akipita nyuma ya mama, mkia juu, picha inakatikakatika. Nikasema, jamani, mbwa huyu hazeeki! Mama akacheka. Mzee akasema mtandao mbaya, akakata.

Kwa hiyo nilikuja nimejiandaa. Mnazijua zile video za mwanajeshi anayerudi kwake, mbwa analia kama mtu, anazunguka, anajikojolea kwa furaha. Sikutaka makubwa hayo. Nilitaka cha Darwin. Mwanasayansi Charles Darwin aliporudi kutoka safari yake ndefu ya meli iliyoitwa Beagle mwaka 1836, alimjaribu makusudi mbwa wake, mkali asiyependa wageni. Alisogea karibu na zizi alimokuwa, akamwita kwa mwito wao wa zamani. Mwaka 1871 aliandika kwamba baada ya miaka 5 na siku 2 za kutoonana, yule mbwa hakuonyesha furaha yoyote; alitoka tu papo hapo akamfuata matembezini na kumtii, kana kwamba wameachana nusu saa iliyopita. Hicho kingenitosha sana.

Nilichopata ni mngurumo. Kasimama getini, mwili umekakamaa, ananitazama kwa pembe ya jicho. Nikapiga ule mluzi wetu. Wapi! Nikaupiga tena, taratibu, huku namkagua, na ndipo nikaona masikio. Yote mawili mazima.

Nikamgeukia mama. Mama akanijibu kama mtu anayekumbuka chumvi aliyosahau kununua: "Ah, huyu ni Simba wa pili. Yule wako alikufa zamani. Ingia ndani mwanangu, umechoka."

Zamani lini? Zamani kabisa, kumbe. Miaka yote ile nilikuwa napokea salamu za marehemu. Yale masikio yaliyosimama, ule mlango aliokwenda kulala, lile jina ninalolitaja likijibiwa kwa bashasha: vyote vilikuwa vya mbwa ambaye hajawahi kuninusa hata mara moja. Na hakuna aliyeniomba radhi, kwa sababu hakuna anayeona kwamba kuna jambo. Dada yangu kanieleza kwa upole wote, ungefanya nini huko peke yako? Ungelia, usingekuja, na sisi tungepata kazi ya pili ya kukubembeleza kwa simu. Asiyekuwapo na lake halipo. Nilidhani methali hiyo inahusu mgao wa mali. Kumbe hata msiba hugawanywa, na mimi fungu langu limeliwa.

Yupo mtaalamu wa Kimarekani, Kenneth Doka, ambaye mwaka 1989 alitoa kitabu kuhusu huzuni isiyotambuliwa: ile ambayo jamii haikupi haki ya kuwa nayo, hakuna anayekupa pole wala ruhusa ya kukaa nyumbani siku mbili. Kufiwa na mbwa ni mfano unaotajwa sana. Yangu imevuka mpaka huo. Mwenye huzuni mwenyewe hakupewa taarifa.

Nimeuliza alikufaje. Uzee. Hesabu haina siri, mbwa wengi huishi miaka kati ya 10 na 13, na wenye umbo kubwa hutangulia, lakini nani anampigia mbwa wake hesabu ya namna hiyo? Macho yaliingia ukungu, masikio yakaziba. Mwishoni akawa haamki mchana na halali usiku, anazunguka uani, anakwenda kusimama ameelekea ukutani kana kwamba ukuta utafunguka. Madaktari wa mifugo wanaijua hali hiyo. Akili ya mbwa mzee hudhoofika, inafanana na maradhi ya kusahau ya wazee wetu.

Na aliyekuwa akiamka usiku kumtoa ukutani ni Mzee.

Ngoja nieleze Mzee ni nani, kwa wasiomjua. Ni yule aliyesema mbwa ni wa nje, kazi yake kulinda, na akizeeka atolewe. Ndiye aliyenifukuza sebuleni na Simba wangu siku ya mvua. Huyo huyo, naambiwa, alikuwa akitoka na tochi usiku wa manane, anamgeuza mbwa kipofu polepole, anamrudisha kwenye gunia lake na kukaa naye mpaka atulie. Alimchimbia kaburi mwenyewe, mdogo wangu alipotaka kushika jembe akaambiwa aende zake. Kisha zikapita siku kadhaa za kutosema na mtu, akaja na mtoto wa mbwa wa rangi ile ile, akatamka, "Huyu naye ni Simba." Mjadala ukafungwa.

Huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, waligundua mwaka 1914 kaburi la miaka 14,000 hivi iliyopita: mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga. Meno ya yule mbwa yanaonyesha aliugua vibaya, yaelekea ni distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa wengi, akaendelea kuishi kwa wiki kadhaa ambazo asingezimaliza bila mtu wa kumuuguza. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Alitunzwa bure. Nilipoisoma habari hiyo ughaibuni nilimpigia picha mwindaji fulani wa kale mwenye moyo laini. Mzee hakunijia akilini kabisa.

Ndiyo maana siwezi kukaa sebuleni jioni. Simba wa pili yumo ndani, tena kwenye zulia. Anaweka kidevu juu ya goti la Mzee na wanatazamana. Mwaka 2015 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa muda, oksitosini hupanda kwa wote wawili, homoni ile ile inayomfunga mama na mtoto wake mchanga. Kwa mbwa mwitu waliolelewa na watu haikutokea. Sawa, sayansi nimeikubali. Lakini sisi watoto, Mzee akikutazama hivyo ulijua umefanya kosa, unaanza kulitafuta. Mbwa huyu anaulizwa kila asubuhi, "Umeamkaje, rafiki yangu?" Nasikia nikiwa stoo, yaani chumbani kwangu. Nimewahi kukaa mwaka mzima mbali na nyumbani bila kuulizwa na Mzee nimeamkaje.

Sina ugomvi na mbwa. Ananibwekea kila nikienda chooni usiku, na ana haki, mimi ndiye mgeni. Mkia wake ninauchunguza. Mwaka 2007 Waitaliano waligundua kwamba mbwa akimwona mwenyewe, mkia huelemea zaidi upande wake wa kulia, na akiona mbwa mgeni mbabe huelemea kushoto. Basi mtu mzima na digrii zangu nainama uani kuangalia mkia unaelemea wapi. Kwa macho yangu ni kushoto. Mdogo wangu anasema naanza kuchanganyikiwa.

Kwa wanaojiandaa kurudi, ushauri wangu ni huu. Usiulize "Simba hajambo?" Uliza yupi. Omba picha ya karibu, penye alama unayoijua wewe, na ukijibiwa kwamba mtandao ni mbaya, elewa. Ukifika, usimkimbilie wala kumkumbatia mbwa usiyemjua kwa kuwa anaitwa jina la unayemjua. Mkia kutikisika peke yake si ruhusa. Akikakamaa, akigeuza kichwa na weupe wa jicho ukaonekana, akipiga miayo bila usingizi, ujue hajakukubali. Kaa chini kiubavu, usimkazie macho, mwache aje kunusa kwa muda wake. Kama mnaelewana na watu wa nyumbani, tanguliza nguo uliyoivaa bila kuifua, imzoeshe harufu yako. Mimi nilitanguliza zawadi za watu. Na usimwite "yule mwingine" mbele ya aliyemlea. Nilijaribu mara moja, Mzee akainuka akatoka, mbwa naye akamfuata.

Jana nikamuuliza mama kitu ambacho ningemuuliza siku ya kwanza kama nisingekuwa nimechoka: nini kingine mlinificha ili nisilie huko? Hakushtuka. Aliendelea kuchambua mboga, akasema, "Wewe uliza kimoja kimoja, nitakujibu." Basi tunakwenda kimoja kimoja. Hadi usiku tulikuwa tumemaliza majirani wa upande wa kushoto.