Prosesa Iliyogoma Kuachana na Hitisinki

Pawasaplai, kifaa cha kuipa umeme kompyuta ile, ilikuwa imeungua, na hakuna aliyekuwa na mpango wa kuifufua. Alichotaka kaka ni prosesa tu, ule ubongo wa kompyuta, Pentium 4 ya kukaa kwenye soketi ya matundu 478, aihamishie kwenye ubao mama mwingine. Akanipa bisibisi, yeye akajiteua msimamizi.

Feni ilikaa juu ya hitisinki, chuma chenye mapezi cha kuipoza prosesa iliyo chini yake, vyote vikibanwa na vishikio viwili vyeupe vya plastiki. Nikavifungua, ndoano zikaachia fremu moja baada ya nyingine. Hitisinki haikutikisika.

"Vuta tu, mdogo wangu."

Sikuvuta. Kiraka cha kupitishia joto kinachowekwa kiwandani kati ya prosesa na hitisinki huyeyuka prosesa inapopata moto, na baada ya miaka hukauka kikawa gundi. Soketi nayo huzibana pini zote 478 kwa mkono mdogo wa chuma, na mkono huo umelala chini ya hitisinki, haunyanyuki mpaka hitisinki itoke kwanza. Ukivuta, gundi na soketi zinagombania prosesa, na mara nyingi gundi ndiyo inayoshinda.

Kwa kawaida ungeiwasha kompyuta dakika kadhaa ipate moto, ukaizima na kuchomoa waya, ndipo ufungue. Yetu haikuwaka. Dada akatuazima kikausha nywele, kwa masharti mengi.

Nikapuliza mapezi ya alumini mpaka yakawa hayashikiki, nikangoja kidogo, kisha nikaanza kuizungusha hitisinki kulia na kushoto. Fremu haikuruhusu zaidi ya milimita chache, lakini kusokota huko ndiko kunakokata gundi. Ikalia "tk!" Nikainyanyua wima, nikidhani imeachia. Kumbe kona moja tu ndiyo iliyoachia: prosesa ikaja nayo, imeng'ang'ania chini ya hitisinki, pini zote nje, na ule mkono wa soketi bado umefungwa.

Kaka akashika kichwa. Papo hapo akapendekeza tuihamishe hivyohivyo, hitisinki na prosesa yake pamoja. Nikakataa. Mkono ukiwa chini, matundu ya soketi yamebana na pini zingelala. Ukiwa juu, hitisinki ingetuzuia kuushusha.

Niliigeuza chini ya taa, nikazitazama pini kwa usawa wa jicho, mstari kwa mstari. Mbili za pembeni zilikuwa zimeinama. Ncha ya penseli ya kubonyeza, risasi ikishatolewa, huivaa pini barabara. Nikazisimamisha polepole, maana ukiipinda pini huku na huku inakatika. Kisha nikapitisha uzi wa kusafishia meno katikati ya prosesa na hitisinki, nikausukuma na kuuvuta kama msumeno. Afadhali Pentium 4 ile ilikuwa na kofia ya chuma juu ya kipande chake cha silikoni. Prosesa za Athlon XP za wakati huo ziliacha silikoni wazi, na huko nisingethubutu.

Spiriti na kitambaa vikamaliza mabaki. Kwenye ubao mwingine nikanyanyua mkono wa soketi, nikalinganisha kona yenye alama, prosesa ikazama yenyewe kwa uzito wake bila kubonyezwa. Nikashusha mkono, nikapaka grisi mpya ya joto, nikafunga hitisinki. Tulipowasha, ubao uliitambua prosesa, na kaka akaanza kuulizia ramu.