Kikaratasi cha kijani

Ofisi yetu ilikuwa Ntinda, Kampala, na ukuta mmoja mzima tuliubandika vikaratasi. Kushoto "Bado", katikati "Inaendelea", kulia "Imekwisha". Ajaili (Agile), yaani kuunda programu kwa vipande vidogo vidogo, tuliizoea tangu enzi za programu za simu: wiki mbili mbili, kila asubuhi tunasimama dakika 15, mwisho mteja anaonyeshwa kitu kinachofanya kazi. Mwaka 2019 kampuni moja ya nje ikatupa kipande cha programu ya ndege. Tukaona ni yale yale.

Kipande chenyewe kilihusu spoila, yale mabamba ya juu ya bawa yanayosimama ndege ikishatua. Yafunguke masharti matatu yakitimia: magurudumu yamebeba uzito, magurudumu yanazunguka, na rubani ameshatega wenzo. Daraja A la DO-178C, kiwango cha programu za ndege, maana yake kosa lake laweza kuangusha ndege.

Ijumaa ile majaribio yote yakawaka kijani, yaani yamefaulu. Nikahamishia kikaratasi "Imekwisha", kijana mmoja akatumwa chini kuleta roleksi (chapati na mayai, Kampala hatujui sherehe nyingine).

Mzee wetu wa uhakiki, mtu wa Tanga aliyelowea Uganda, hakuugusa ule mfuko.

"Shikamoo Mzee, karibu roleksi."

"Marahaba. Hebu nipishe hapo kitini."

Akafungua msimbo wangu, akafuta sharti la uzito, akayaendesha majaribio upya. Kijani. Yote.

"Mwanangu, ndege yenu inajuaje kama imetua?"

Nilibaki na mafuta vidoleni. Masharti matatu yaliyounganishwa kwa "na" yanataka majaribio manne: moja yote yakiwa yametimia, kisha kila moja likikosekana peke yake. Sisi tulikuwa na matatu; la uzito kukosekana hatukuwa nalo.

Nilitaka kubisha kwamba Ajaili haipendi makaratasi. Lakini kiwango kile wala hakikatazi kazi ya vipande vipande. Kinadai ushahidi, na kwa daraja A mengi yahakikiwe na mtu asiyeandika msimbo huo. Sisi Mzee tulikuwa tukimrundikia kazi mwisho wa mwezi, kama vyombo vya karamu. Jumatatu yake akaanza kusimama nasi asubuhi, na nyuma ya kila kikaratasi tukaandika namba ya hitaji, namba ya jaribio, na saini yake.

Ila Ijumaa ile alikibandua changu kwa vidole viwili, akakirudisha "Inaendelea". Gundi ilikuwa imekwisha, kikadondoka. Nikakiokota, nikakibandika kwa selotepu.